Namba ya Mlangoni

Kila asubuhi mlango haukufunguka mpaka kila aliyemo ndani aitaje namba inayofuata. Aliyekosea alichukuliwa siku hiyo hiyo kupelekwa Makao, wanakotunzwa wenye akili zilizochoka, na mtaani hapo hakuna aliyewahi kurudi.

Bi Zuwena alisimama jikoni, kijiko mkononi, roho juu. Mumewe, Mzee Haruni, alikuwa ameshavaa kofia.

“Tatu, sita, kumi na mbili, ishirini na nne,” mlango ukasema.

Mzee akaukodolea macho tu. Bi Zuwena akagonga mfuniko wa sufuria kwa kijiko mara nne, akatulia, akagonga tena mara nane, kama mtu anayekung'uta mchuzi.

“Arobaini na nane!”

“Sawa, Mzee Haruni. Zamu yako, Bi Zuwena. Juzi kijiko. Jana kijiko. Leo kijiko. Kesho?”

Kijiko kikamponyoka. Akijibu “kijiko”, ametoboa siri ya mumewe. Akinyamaza, atachukuliwa yeye, na mzee abaki na nani?

Mzee Haruni akamgeukia, uso umemchangamka.

“Hiyo rahisi, Mama Shani. Hata mimi naijua. Ngoja leo nikusaidie.”