Wino Mbichi

Tangu wino wa uchaguzi uanze kufuta kumbukumbu, ugomvi wa kura umeisha mtaani. Ukichovya kidole, unamsahau uliyemchagua. Mwaka huu gavana amemaliza mihula yake, kiti ki wazi, na Bi Tsuma na Bwana Mwachiro wanafukuzana unyounyo.

Mbeyu alirudi kutoka kituoni kidole kikiwa bado na wino mbichi.

"Mama Dama, umempa nani?" mumewe Kenga akamtania.

"Nitajuaje? Na wewe je?"

"Mimi hata njia ya nyumbani nusura niisahau!"

Wakacheka, lakini Mbeyu moyo haukutulia. Miezi mitatu alimpigia debe Bi Tsuma kwa ajili ya kliniki ya watoto aliyoahidi. Je, alimchagua kweli? Dama, binti yao wa mwaka mmoja, akaanza kulia, naye Mbeyu, mawazo yakiwa mbali, akampa kidole hicho hicho anyonye kama siku zote.

Mtoto akanyamaza. Jioni redio ikatangaza: Bi Tsuma ameshinda kwa kura mbili.

"Umesikia, mama? Kliniki yako hiyo!" Mbeyu akamwinua Dama juu.

Dama akamkazia macho kama anayemtazama mgeni. Kisha akageukia mlango, akanyoosha mikono na kuita, "Mama!"