Aliyekula Naye

"Hajalewa," mke alimwambia daktari. "Mume wangu hagusi pombe."

"Najua, dada." Daktari aliinua kope la mgonjwa, fundi bomba, kwa kidole gumba. Alipoliachia, likashuka lenyewe. "Jana alikula nini?"

"Maharage ya kopo. Kopo lilikuwa limevimba, nikamwambia alitupe. Huyu naye kwa ubishi!"

"Basi ni sumu. Kwenye ncha za neva kuna vifuko vidogo vinavyopeleka ujumbe wa ubongo kwenye misuli. Sumu hiyo inakata protini zinazovifungua. Ubongo unaagiza, misuli haipati habari. Lakini anatusikia vizuri tu. Nani mwingine alikula?"

"Hakuna. Mimi nilikuwa nimeshaenda kazini."

Mke alikuwa amemshika mumewe mkono; kidole cha mume kikajikunja ndani ya kiganja chake. Kikamkwaruza, kikalegea, kikakwaruza tena.

Akamwinamia sikioni. "Kuna mwingine alikula? Kama yupo, nibonyeze."

Kidole kikabonyeza.

"Mtoto?"

Kikabonyeza, na safari hii hakikuachia.

Alipiga simu ya nyumbani. Asubuhi binti yake alilalamika kwamba macho ni mazito, naye akamwambia aache uvivu, kisha akamhurumia, akamwacha alale, binti akajifungia ndani.

Simu iliita mpaka akakaribia kukata tamaa, ndipo ikapokelewa.

"Maa…" Ulimi wa binti ulikuwa mzito, neno likamshinda.

"Mwambie afungue mlango sasa hivi," daktari alisema, "wakati bado anaweza."