Salamu za Fermín

Anselmo Quiroga hakuwa hata ameshuka farasini, mwanamke yule alishatoka mlangoni, unga umemfika viwikoni na swali liko mdomoni.

"Shemeji, habari za Fermín?"

Njia nzima kutoka ngomeni, mwendo wa siku moja na nusu, Anselmo alikuwa akiyapanga maneno ya kumwambia Tiburcia kwamba mumewe amechukuliwa na Mto Salado. Aliyapanga vizuri: atangulize Mungu, afuatie mfalme, mto aje mwisho. Lakini ulimi ukamgeuka.

"Hajambo kabisa," akasema. "Anakusalimu sana."

Si kwamba Anselmo alikuwa mwoga. Alijiunga na askari wa farasi wa mpakani akiwa na miaka kumi na tisa, akaja na farasi wake sita na mkuki wake mwenyewe, kama walivyotakiwa wote. Kwa miaka kumi na moja alilinda ng'ombe wa watu wasiomjua, kwa jina la mfalme aliyeishi ng'ambo ya bahari. Alichomwa mkuki begani, akapigwa jiwe la kombeo gotini, na kiangazi kimoja walichemsha hatamu za ngozi wakazila. Hayo yote aliyaweza. Mwanamke mwenye unga viwikoni ndiye aliyemshinda.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Wakati wa mafuriko doria yao ilivuka mto, Fermín akiwa wa mwisho. Walipogeuka, hayupo. Farasi wake alikutwa kesho yake anakula majani, upande ule ule walikotoka. Mwili haukuonekana. Kapteni, ambaye mapenzi yake yote yalikuwa kwenye karatasi, alikataa kumwandika marehemu mtu asiye na maiti. Akamwandika "hajulikani alipo," akaagiza nyumba yake ikaguliwe kila mwezi, kama kanuni ya watoro ilivyotaka. Mwaka ukiisha, ndipo jina lisomwe kanisani pamoja na wafu.

Anselmo hakuhitaji karatasi. Fermín alikuwa rafiki yake, naye alimlilia kwa siri, uso ameuficha kwenye manyoya ya farasi.

Kazi ya ukaguzi akaiomba yeye, asije akatumwa mwingine mwenye mdomo mchafu akamuumiza mjane ambaye hata hajui kama ni mjane. Basi kila mwezi alifika, akafunga farasi, akaketi jikoni. Tiburcia alimpa kibuyu cha chai ya majani ya yerba na bakuli la nyama iliyochemshwa na mahindi, kisha akakaa mbele yake, akauliza mambo yale yale. Fermín hajambo? Kapteni anasemaje juu yake? Amesema nini safari hii?

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Fermín wa kweli alikuwa mtu wa kununa, aliweza kupanda farasi wiki nzima asiseme zaidi ya "sogea." Fermín wa Anselmo alikuwa mwingine kabisa. Alisema kwamba akiliona jua linatua kwenye nyika humkumbuka mkewe akipuliza moto. Alisema kwamba supu ya ngomeni ni maji ya kunawa ukilinganisha na yake. Alisema kwamba anaijua sauti ya hatua zake kati ya hatua mia. Tiburcia alisikiliza ameziba mdomo kwa shali, mabega yakimtetemeka, na Anselmo, akidhani anazuia machozi, aliinamia bakuli lake kwa aibu.

Kufikia mwezi wa tano hakuwa akitunga tena. Maneno yalikuja yenyewe, kwa sababu yalikuwa yake. Yeye ndiye aliyemkumbuka jua likitua. Yeye ndiye aliyeijua sauti ya hatua zile. Wenzake waliona anachana ndevu kila ukaguzi unapokaribia, wakamuuliza kama huko kuna ukaguzi wa ndevu pia.

Mwaka ukaisha. Kapteni akaandika, akatia sahihi. Muda wa utumishi wa Anselmo nao ulibakiza wiki tatu tu, na kando ya kijito alikuwa ameshachagua kipande cha ardhi chenye mierebi. Akapanda farasi, akajiapiza kwamba leo atasema kweli yote, kisha atasema na lile jingine. Na leo hatamwita shemeji.

Safari hii aliyasema akiwa bado amesimama mlangoni.

"Tiburcia, Fermín alikufa mtoni. Mwaka mzima sasa. Salamu zote zile nilizitunga mimi. Jumapili padri atalisoma jina lake."

Tiburcia hakulia. Aliweka kibuyu mezani, polepole.

"Na likishasomwa, askari hawaji tena kukagua hapa?"

"Wamkague marehemu wa nini? Kitabu kinafungwa."

"Una hakika?"

"Nimemwona kwa macho yangu kapteni akitia sahihi."

Akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo. Kisha akamtazama kwa upole ambao Anselmo hakuwahi kutazamwa nao, si na yeye wala na mtu mwingine.

"Nilijua tangu siku ya kwanza kwamba unanidanganya," akasema. "Lakini hakuna mwanamume aliyewahi kuniambia maneno mazuri namna ile. Nilikuwa nahesabu siku mpaka uje."

Moyo wa Anselmo ukaruka. Akavua kofia, akafungua mdomo aseme lile jingine.

Lakini Tiburcia alikuwa ameshaligeukia pazia la chumba cha ndani.

"Fermín," akaita, "toka uje kula. Jumapili unakuwa marehemu."