Mtungi Chini ya Meza

Likizo ilipofika, Mwanaidi alianza kuipanga nyumba upya. Pembeni mwa ukumbi, penye mtungi wa marehemu mama yake, alitaka kuweka meza ya kusomea. Binti yake Tunu alikuwa amefeli mtihani, na asipofaulu mwakani, shule basi.

"Mama, tusiuhamishe. Una maji."

"Maji katia nani? Tangu tumzike bibi yako mtungi mkavu huo. Uvivu tu, shika huko!"

Tunu alimwonyesha kiganja. Kilikuwa kimelowa, maana mtungi wa udongo ukijaa maji hutoka jasho.

Mwanaidi akaufunua. Ndani mlikuwa na vumbi tupu. Wakaupeleka uani, wakaweka meza.

Tunu alipoketi kusoma, aliinua miguu ghafla. Pale ulipokuwa mtungi palikuwa na duara la maji. Mama yake akalifuta, likarudi. Akalifuta tena, likarudi likinukia ubani, kama maji ya bibi, aliyezoea kuufukiza mtungi huo.

Mwishowe Mwanaidi aliurudisha mtungi, akauweka chini ya meza.

"Haya, soma," alisema kwa sauti ndogo.

Tunu akasoma kwa sauti. Alipotua kuvuta pumzi, alisikia maji yakichotwa taratibu ndani ya mtungi, katikati ya magoti yake. Akafunua ukurasa wa pili haraka, akaendelea kusoma, na maji yakatulia.