Kigogota wa Vidole Vitatu

Mapigo yalianza tena, na Mzee Cyprian akaweka kiganja ukutani ili ayapokee vizuri.

Ukungu ulikuwa umeyafunika macho yake. Masikio nayo hayakushika tena maneno yasipopazwa karibu, yalibakiza vishindo tu. Tangu theluji ya kwanza hakuwa ametoka nje ya fleti yao ya ghorofa ya tatu, mtaani Rexdale, ughaibuni. Dunia yake ilikuwa kiti, kuta nne, na mjukuu wake Genoveva, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyewatafiti vigogota, ndege wagongao miti kwa midomo, wa misitu ya kaskazini.

Genoveva alikuwa amening'iniza roshanini gogo la msonobari lililoungua, chambo cha ndege hao. Asipompata hata mmoja kufikia Ijumaa, utafiti wake ungefungwa.

Babu alikuwa amefundishwa mapigo yao kwa kugongwa kiganjani, huku mjukuu akimpazia sauti sikioni.

"Yule wa mgongo mweusi hupiga kwa nguvu mpaka mwisho, kama wewe ukidai chai. Wa vidole vitatu huanza vizuri, kisha hudhoofika."

"Kama mimi chai hiyo ikichelewa."

Asubuhi hiyo Genoveva alimbonyeza bega mara mbili, ishara yao ya kuaga. Baridi ilipomtambaa miguuni, mzee alipapasa ukuta hadi kwenye mlango wa roshani, ambao binti huyo hakukumbuka kuufunga hata siku moja, akautia komeo. Angalau hilo aliliweza.

Sasa mapigo yalikuja mfululizo, mazito. Wa mgongo mweusi! Lakini hakufanya haraka, mtafiti hakisii. Mfululizo wa pili ulikuwa mfupi. Wa tatu ulilegea kabla ya kwisha. Wa nne ulikuwa mapigo matatu tu, mepesi kama ya kidole kiganjani.

Kisha kimya.

Machozi yalimlengalenga. Miezi yote hiyo ya kulishwa na kuvishwa, na leo yeye ndiye aliyemwona ndege.

Alichukua simu, akabonyeza kitufe kikubwa cha mjukuu wake. Jibu asingelisikia, lakini ujumbe ungefika.

"Veva, acha unachofanya, rudi nyumbani! Ni wa vidole vitatu. Nimemtambua mwenyewe!"

Kiti kikatetemeka mgongoni mwake. Alipeleka mkono nyuma, akagusa koti zito la Genoveva, na mfukoni mwake simu iliyokuwa ikiita.