Bruchi Mbili za Mama

Mama aliacha bruchi mbili, mapambo ya kubana kwenye nguo, zilizofanana kama mapacha: kila moja ni tawi la waridi mwitu, na ua lililokaa juu ya springi ili litikisike mvaaji akipumua. Moja ilikuwa ya almasi, ya tangu enzi za nyanya wa nyanya yake. Nyingine ilikuwa ya vioo, ya kuvaa safarini.

Siku ya tatu baada ya mazishi, kaka yangu Anselme alizilaza mezani, jikoni kwetu Lyon.

"Mimi ndiye mkubwa. Nachagua kwanza."

"Chagua, kaka."

Akazigeuzageuza dirishani, akatwaa iliyometameta zaidi. Iliyobaki ilikuwa imefifia, madini yake ya fedha yameingia weusi kama sufuria kuukuu.

"Usininunie bwana," alisema huku akicheka. "Hata ya vioo ni ukumbusho."

"Wala sinuni."

Niliinua yangu nikaipulizia pumzi ya joto, kama Mama alivyonifundisha utotoni. Ukungu ulitoweka kabla sijafunga mdomo. Almasi haishiki mvuke.

Nikaibana kwenye koti. Ua likatikisika.

Anselme aliacha kucheka. Taratibu akaisogeza yake mdomoni, akapuliza.

Tukautazama ukungu pamoja, nao haukuwa na haraka hata kidogo.