Kijana wa Benki Aliyetazama Kapeti

Haya kanisimulia Rukiya mwenyewe, Jumapili iliyopita, sokoni Gare du Midi, huku ugenini, tukichagua mboga za lengalenga. Nami nayaandika kama alivyoyasema.

Kijana wa benki aliruka kutoka kitini kama aliyekalia sindano.

Hapo kabla alikuwa mchangamfu. "Bonjour, madame! Leo jua limetukumbuka, hein?" alimwambia kwa Kifaransa. Rukiya akampa namba aliyopewa komine, ofisi ya mtaa. Kadi yake ya ukaaji ilikuwa imekwisha muda, mpya haijatoka, lakini kibali kilikuwa kimeshaingia kwenye mashine. Benki wakiandika ile namba, kibali kinatokea pamoja na picha. Kazi ya kijana ni kutazama picha, kutazama uso, kubonyeza. Basi. Asipobonyeza, konti inafungwa, na mshahara wa hospitali unakosa pa kuingia.

Binti yake, Sumaya, ndiye aliyemchukulia randevu, miadi ya pale benki. "Nenda tu, maman. Ni kitu kidogo."

Kitu kidogo! Kijana aliandika namba, picha ikatokea, akasoma jina, ndipo akaruka. Akafunga kifungo cha juu cha shati. Macho akayateremsha kwenye kapeti, yakabaki huko.

"Kuna tatizo?" Rukiya akauliza.

"Hapana, mama." Sasa anasema Kiswahili, tena sauti imekauka. "Kaa tu, mama."

"Si nimekaa?"

"Eeh. Kaa vizuri."

Rukiya akakumbatia mkoba wake. Kumbe mtu wa kwao Bujumbura! Na mtu wa kwenu akikuambia ukae vizuri, ujue ana habari mbaya mdomoni.

"Mwanangu, nitazame basi. Kwenye picha nimenuna, lakini ni mimi."

"Naona, mama."

Alikuwa anaona kapeti.

Rukiya akasogeza mtandio nyuma kidogo ili uso wote uonekane. Kijana akageuka mzima mzima, akatazama ukuta.

"Donc, yaani unanifungia konti?"

"Hapana, mama! Mimi... bon, mimi siwezi. Namwita mwenzangu."

Akaondoka kinyumenyume, ameinama, mpaka akagonga chungu cha maua. Rukiya akasema moyoni: ameenda kuita polisi. Miaka yote hii naosha wagonjwa kule Jette, leo mambo yangu yanaishia benki.

Akaja Mzungu mmoja, Hervé, anatafuna biskuti. Akatazama picha, akatazama uso, akabonyeza.

"Voilà, madame. C'est bon."

Imekwisha, upesi kuliko kupiga chafya.

Rukiya alishukuru Mungu mpaka mlangoni. Alipofika barabarani, shukrani ikageuka hasira. Hervé asiyemjua kamtazama kama mtu. Mtoto wa kwao kamfanya jini!

Alifika nyumbani Berchem, hata koti hakuvua.

"Mtoto wa kwetu, Sumaya! Ananigeuzia mgongo mbele ya Wazungu! Leo usiku niko kazini, lakini kesho narudi pale. Namwambia mkubwa wake amfukuze."

Sumaya alikuwa anasoma simu, mkono mmoja umeziba mdomo, mabega yanatikisika.

"Unacheka nini, wewe?"

"Maman, usiende." Akafuta machozi. "Huyo kijana ananiandikia hapa. Anauliza kama umemkasirikia, au wazee wake waje tu Jumamosi kuleta posa. Si ninyi mnasema mkwe hatazamwi usoni?"

Rukiya akavua koti, akaingia kitandani mchana kweupe, akavuta blanketi mpaka juu ya kichwa. Sumaya akalisikia blanketi likicheka kwanza, halafu likikoroma.